Mama Aliyeandikwa Kwenye Rejista

Watu hunisifu kwamba najua kuongea na wazazi. Walimu vijana wakiwa na mtoto asiyeshika masomo hunijia: "Mwalimu Nereah, mama wa huyu tumweleze vipi?" Nami huwaeleza, vizuri tu, huku moyoni nikiona haya, kwa maana najua nilijifunzia wapi na ni nani aliyeumia ndipo nikajua.

Mimi ni Nereah Akong'o, mtu wa kando ya ziwa. Mwaka wa 1971 nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya misheni, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Keroka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti kipya, jozi mbili za viatu na kiburi kisichopimika. Ekegusii yangu, lugha ya wenyeji wa pale, ilikuwa ya sokoni: salamu, bei ya ndizi na kukataa kikombe cha tatu cha chai. Wazazi niliongea nao Kiswahili, nao wakanijibu kwa Kiswahili chao, tukaelewana tulipoelewana.

Katika watoto wangu hamsini na wawili kulikuwa na Nyaboke. Alikuwa na miaka kumi, na alikuwa akirudia darasa. Kwa mdomo hakuna aliyemshinda. Ukimpa hesabu ya kichwa alikujibu kabla hujamaliza kuuliza. Siku ya soko aliuza ndizi Keroka na chenji yake haikupungua hata ndururu. Lakini umweke mbele ya kitabu! Neno alilolisoma asubuhi, mchana halijui. Herufi alizigeuza, nyingine akaziandika zikiangalia nyuma, hata za jina lake mwenyewe.

"Huyo ni kichwa maji," aliniambia Mwalimu Nyamongo, aliyemfundisha mwaka uliotangulia. "Nimemchapa mpaka fimbo tatu zikavunjika." Alisema hivyo kana kwamba anazihurumia fimbo.

Sasa, chuoni tulikuwa na mkufunzi mmoja aliyetufundisha kwa nusu saa tu, kabla ya kengele, kwamba wapo watoto wenye macho mazima na akili timamu ambao herufi huwakataa. Alisema mara nyingi jambo hilo hutembea katika ukoo, na kwamba si uvivu. Ile nusu saa niliitunza kama dhahabu. Nikaanza kubaki na Nyaboke saa ya chakula nyuma ya darasa, tukichora herufi kubwa kwenye udongo kwa kidole, huku tukitaja sauti ya kila moja. Kufikia Julai alisoma mistari minne bila kukwama. Nilijiona nimefufua mtu.

Hata hivyo mistari minne haingempeleka darasa la nne. Mwalimu mkuu wetu, Obadiah Momanyi, alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa sheria. Mtoto hurudia mara moja, si mara mbili. Mwaka ukiisha, Nyaboke angepita au angeondoka. Nilimsihi mpaka akalainika kidogo.

"Wazazi wake wakikubali abaki kwako mwaka mwingine, mimi sina neno," alisema. "Lakini wasije kunilaumu."

"Basi niitie mama yake kwanza," nikasema. "Baba nitamfuata baadaye."

Hilo nililiona busara. Kwetu jambo la mtoto huanzia kwa mama. Momanyi akafungua rejista, akalowesha kidole kwa mate, akakiteremsha kwenye ukurasa. Nyaboke Abner. Baba: Abner Ogari, mfanyabiashara, Keroka. Mama: Loice Abner. Jumamosi, Sabato yetu, baada ya ibada akamwambia Loice kwamba anatakiwa shuleni.

Nitasema sasa hivi, maana sipendi kumficha msikilizaji jambo halafu nimshtue nalo: Loice hakumzaa Nyaboke. Alikuwa mke wa kwanza wa Abner, mke wa pete, aliyefunga naye ndoa kanisani. Aliyemzaa Nyaboke ni Nyamoita, mke wa pili. Na katika shule ile ya misheni, mke wa pili hakuandikwa. Watoto wake walipokelewa, waliimba, walifagia, lakini kwenye safu ya mama liliandikwa jina la yule ambaye kanisa lilimjua. Walimu wote wa pale walilijua hilo. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyefikiri ni jambo la kuambiwa mtu.

Loice alikuja Jumatatu saa nne asubuhi, kitambaa cheupe kichwani, mwavuli mkononi. Nyaboke nilikuwa nimemtuma mtoni kuteka maji ili asisikie akizungumziwa. Niliona huo ni upole. Angekuwa amesimama mlangoni tu, uso wake ungeniambia yote.

"Bwakire, mwalimu."

"Bwakire, Mama Nyaboke. Karibu uketi."

Aliketi. Aliitikia jina hilo bila kupepesa macho, na sikatai, hakusema uongo. Katika boma la Abner watoto wote waliwaita wake wote mama. Nami nikamwaga kila kitu. Nilimweleza kuhusu herufi, kuhusu udongo, kuhusu akili ya mtoto ilivyo kali. Kisha nikauliza maswali niliyofundishwa kuuliza. Je, alizaliwa kwa shida? Aliwahi kushikwa na degedege? Katika ukoo wa mama kuna mwingine aliyekataliwa na herufi?

Loice alisikiliza kama mtu anayesikiliza mahubiri.

"Kwa upande wa mama, iko," alisema. "Iko mjomba. Alikaa darasa la kwanza mpaka akaota ndevu. Watu walicheka."

"Ndiyo!" nikasema, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikuwa nimepata ukoo wangu kama ulivyoandikwa kwenye daftari la chuo.

"Mwalimu, hii maneno ni mzuri," akasema. "Lakini baba yake ni mtu wa karatasi. Ya mdomo haiwezi kumwingia. Andika."

Nikaandika, kwa mwandiko wangu wa sherehe: Mtoto huyu ana ugumu wa kujifunza ambao si kosa lake. Huenda ni jambo la kurithi kutoka upande wa mama. Asilaumiwe, bali asaidiwe. Nikatia sahihi. Nikampelekea Momanyi, naye akagonga muhuri wa shule. Loice akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kifuani, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Umenisaidia, mwalimu," alisema.

Wahenga walituonya, penye kuku wengi usimwage mtama. Mimi sikumwaga tu, nilipiga na muhuri.

Shule ilipofunguliwa Septemba, dawati la Nyaboke lilikuwa tupu. Wiki ya kwanza nilidhani ni homa. Wiki ya pili, Jumatano, nilimkuta mwanamke mmoja amesimama nje ya darasa langu, miguu mitupu, jembe begani, matope mpaka magotini. Alikuwa ametoka shambani moja kwa moja. Sikuwahi kumwona.

"Mwalimu ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Mimi ndio nilizaa Nyaboke," alisema. "Ile siku uliongea habari yake, uliambia nani?"

Sikumwelewa kwa haraka. Nilisema niliongea na mama yake, Loice, na nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, nikaelewa. Nilimwingiza ofisini, nikamketisha kwenye kiti kile kile alichokalia Loice. Jembe hakuliweka chini.

Nyamoita alinieleza polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili moja moja. Karatasi yangu ilisomwa nyumbani mbele ya ndugu za Abner. Loice aliisoma mwenyewe, kwa sauti ya kusoma neno la Mungu. Ile sehemu ya upande wa mama aliirudia. Ndugu wakatazamana. Mmoja akasema alijua zamani kwamba katika nyumba ya Nyamoita kuna kitu. Nyumba ya wapumbavu, akaiita. Abner akasema hapotezi tena karo kwa nyumba hiyo. Nyaboke alikuwa atumwe Kericho, kwenye mashamba ya chai, awe yaya kwa dada yake Loice. Mwisho wa mwezi lori lingempitia.

"Ungeniita mimi," Nyamoita alisema. Hakuwa akilia, na ingekuwa afadhali angelia. "Mimi ningekuambia. Hata mimi hiyo kitu ilinishika. Nilikaa darasa la kwanza miaka tatu, na huko kwetu Nyamira walinichapa mpaka baba akanitoa. Si mjomba peke yake. Ni mimi."

"Sikujua, mama."

"Nyaboke alikuja nyumbani akaniambia, mama, mwalimu ananionyesha kwa udongo. Nikasema, kumbe inaweza! Nikachukua maharagwe. Kila jioni, kabla ya kupika, tunapanga maharagwe chini. Hii ni m. Hii ni a. Yeye anashika na mkono, mimi nashika na mkono. Akikosa mimi najua kwa nini amekosa, kwa sababu mimi pia naona hiyo kitu ikigeuka."

Kwa hiyo ile mistari minne niliyojisifia haikuwa yangu. Mimi nilikuwa na nusu saa ya chuoni. Huyu alikuwa na maisha yake mazima, na kila jioni alikaa sakafuni na binti yake wakikusanya herufi kwa vidole. Alikuwa ndiye mtu mmoja katika wilaya yote niliyestahili kuongea naye, na sikuwahi hata kuuliza jina lake.

Nilikwenda kwa Momanyi nikiwa na hasira. Nikamwambia aandike barua nyingine, ya kwamba aliyeitwa hakuwa mzazi, na kwamba mama mzazi ndiye aliyekuwa akimsaidia mtoto akafaulu.

"Nitamwandika kama nani?" aliuliza.

"Kama mama yake."

"Mwalimu Nereah, wewe ni mshiriki. Unajua msimamo wa kanisa. Barua ya kumtambua mke wa pili haiwezi kutoka kwenye ofisi hii."

"Na mtoto?"

"Tutamwombea," akasema, na nakuhakikishia hakuwa akifanya mzaha. Kweli aliomba, palepale, nikiwa nimesimama. Nami, mshiriki, nilifumba macho, nikaitikia amina. Hicho pia nakikumbuka kwa uchungu.

Ijumaa mchana nikateremka Keroka. Duka la Abner lilikuwa la mablanketi na sufuria, karibu na malori yanapoegeshwa. Abner alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alinipa kiti, akaagiza soda. Loice alikuwa nyuma ya kaunta akipima kitambaa cha mteja. Nilipotaja Nyaboke, Abner alifungua kasha, akatoa karatasi yangu.

"Hapa umeandika si kosa lake," alisema, akionyesha kwa kidole. "Nimekubali. Simlaumu, sijamchapa. Umeandika ni upande wa mama. Hiyo pia nimekubali, wewe ndiye umesoma. Sasa niambie kosa langu liko wapi."

Nilitafuta kosa lake nikalikosa, maana kila neno lilikuwa la mkono wangu. Nikasema kurithi si laana. Nikasema mtoto anaweza kujifunza, ila kwa njia yake, na kwamba Nyamoita mwenyewe ndiye aliyekuwa akimfundisha nyumbani.

"Nyamoita?" Abner alicheka kidogo, bila ubaya. "Nyamoita hajui kuandika hata jina lake."

"Ndiyo maana anajua njia."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kipofu ndiye aongoze gari. Nikaendelea kusema mpaka sauti ikanikauka. Nilisema niko tayari kubaki na mtoto mwaka mwingine, niko tayari kumfundisha Jumapili. Akasikiliza yote. Kisha Loice akaweka mkasi chini.

"Baba Andrew," alimwambia mumewe, kwa jina la kijana wao wa pekee. "Kama shida inatoka kwa ile nyumba, basi mtoto atoke kwa ile nyumba. Akae kwangu, ale kwangu, alale kwangu. Mwalimu aliniambia vile anasaidiwa, nilisikia. Hata kwa kitabu cha shule, mama yake si ni mimi?"

Abner alifikiri, akigonga karatasi kwenye meza.

"Ni neno la maana," alisema. "Mwalimu, tufanye hivi. Akikaa kwa Loice, anasoma. Nikisikia amerudi kwa Nyamoita, au Nyamoita ameingiza mkono kwa masomo yake, siku hiyo anapanda lori la Kericho. Hiyo kitu isimshike tena. Unasemaje?"

Waliniuliza mimi. Nataka hilo lieleweke. Mtu na mkewe, katika duka lao, walimuuliza mwalimu kama wamnyang'anye mwanamke mtoto wake, na mwalimu alikuwa na soda mkononi. Nilimtaka Nyaboke darasani, na mlango niliouona ni huo mmoja.

"Sawa," nikasema.

Baadaye nilisikia kwamba Loice alikuwa amezika binti wawili, mmoja wa wiki sita, mwingine wa miaka minne. Nilitaka kumchukia na sikupata pa kushika. Na Nyamoita, aliambiwa jioni ile ile, na yeye mwenyewe akakunja blanketi la Nyaboke, akalibeba, akavuka ua wa ng'ombe na kulipeleka nyumba ya Loice. Kama ni Kericho au ng'ambo ya ua, ni mama gani asingechagua ua?

Nyaboke alirudi darasani Oktoba na sare mpya na viatu. Alikuwa amejipaka mafuta, nywele zimekatwa vizuri. Wenzake walimwonea wivu. Nilimpeleka nyuma ya darasa kama zamani, nikachora m kwenye udongo.

"Hii ni nini, Nyaboke?"

Aliitazama. Akanitazama mimi. Akatazama viatu vyake.

Loice alitimiza ahadi yake, simsingizii. Kila jioni alimketisha na kitabu saa nzima kwa kuangalia saa. Lakini alimfundisha kama alivyofundishwa yeye, kwa kutazama na kukariri, na maharagwe aliyakataza, akisema ni chakula, si ya kuchezea chini. Akikosa, hakumchapa. Alimwambia kwa upole, "Hiyo ni ya kule. Iache." Mtoto akajifunza kweli jambo moja, kwamba kila alichokosa kilitoka kwa mama yake. Akaanza kunyamaza, maana asiyesema hakosi. Ile hesabu ya kichwa nayo ikapotea. Katikati ya Novemba nilimpa kipande cha chaki aandike jina lake, akakishika mpaka jasho la kiganja likakilowesha, ubao ukabaki mweusi.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya mtihani. Abner alikuwa amekubali arudie, lakini kurudia nini? Nilijua ni mtu mmoja tu angeweza kumrudisha. Jumapili asubuhi nikavaa viatu vyangu vya zamani, nikaenda kwao, si kwa kuita mtu, kwa miguu yangu. Kwa mara ya kwanza niliingia katika boma lile. Nyumba mbili zinatazamana, ya mabati na ya nyasi, na ua wa ng'ombe katikati.

Nyamoita alikuwa pembeni mwa nyumba ya nyasi akichuma maua ya pareto, kikapu kiunoni. Abner na Loice walikuwa dukani. Nikamsalimu, akaitikia. Nikamwambia nimekosa, kwa maneno hayo hayo, bila kuzunguka. Nikamwambia mtoto amepotea kabisa mikononi mwetu sote.

"Nionyeshe vile mlikuwa mnapanga maharagwe," nikasema. "Nionyeshe mimi peke yangu, na vile ulikuwa unamwambia akikosa. Nitamfanyia shuleni. Sitasema ni wewe. Hakuna atakayejua, mama."

Vidole vyake havikuacha kuchuma. Ng'ambo ya ua, Nyaboke alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba ya mabati, kitabu magotini, hakisomi. Alikuwa akitutazama, shingo ameinyoosha, na nilimwona akiinua mkono kidogo, akaurudisha chini. Karibu naye Andrew alikuwa akisafisha baiskeli, na masikio yake yalikuwa kwetu.

Nyamoita aliona nilichoona. Akageuka taratibu mpaka mgongo wake ukaelekea kule. Machozi yalikuwa yamejaa, lakini sauti aliitoa kwa nguvu, ivuke ua, imfikie kijana, na mtoto pia aisikie.

"Mwalimu, mimi sijui habari ya huyo mtoto," alisema. "Kaongee na mama yake."